Mchezo wa Ukame

Jana, kwenye darasa letu la jioni hapa Karatu, mwalimu alitufungulia mchezo kwenye kompyuta, tujifunze kuamua mambo magumu ya jamii. Ukame umeingia, ng'ombe wanakufa, na wewe ndiye baba. Utahama, utauza, au utamtoa binti shule akachunge?

"Mtoe binti!" akasema mzee mmoja nyuma yangu. "Ng'ombe wakiisha, atakula daftari?"

Watu wakacheka. Kwenye kioo cha kompyuta kasichana kalisimama kanangoja, kamevaa sweta ya shule ya kijani.

Yangu ya utotoni pia ilikuwa ya kijani, na ilinuka moshi wa boma letu kule Malambo. Mvua zilikuwa zimegoma. Kila jioni nilimwomba Mungu zinyeshe, maana baba alishaniambia zisiponyesha nitapanda naye milimani kupeleka ndama kwenye majani.

"Na shule, baba?"

"Shule haina miguu. Utaikuta."

Hazikunyesha. Tukapanda mpaka juu huko Ngorongoro, kwenye ukungu na baridi ya kuuma mifupa. Asubuhi moja ndama mdogo kuliko wote alishindwa kusimama. Baba akaninyooshea mkono, nikavua sweta nikampa. Akapitisha miguu ya mbele ya ndama kwenye mikono ya sweta, akafunga vifungo vyote, akamsugua mgongo mpaka ndama akainuka.

Baba alifurahi sana, na wala hakuwa ananitania.

"Unaona, binti yangu," akasema. "Shule imetusaidia."