Ukurasa Alioula Bong Chan-gyu

Mpini wa sururu tuliopigwa nao ulikuwa na jina. Tuliuita Profesa. Ulikuwa wa mti mgumu, umezungushiwa utepe mweusi wa mafundi umeme upande wa kushikia ili usiteleze mkononi jasho likitoka. Ncha yake nayo ilikuwa nyeusi, ila huko hapakuwa na utepe. Katika miaka niliyotumikia jeshi nilipigwa na Profesa Jumamosi sitini na mbili, na nilimshika mimi mwenyewe karibu mara hizo hizo. Lakini habari hii ni ya Bong Chan-gyu, mwenye duka la vifaa vya shule jirani na stendi ya mabasi ya Uijeongbu. Wateja wake wanamjua kwa mguu wa kushoto anaoukokota, na kwa kijitabu cha misemo ya Waamerika alichowaandikia Wakorea wenzake.

Bong alizaliwa Taebaek, mtoto wa mchimba makaa. Baba yake akirudi kutoka mgodini alimpiga kwa mkanda wa betri ya taa, na hakuhitaji sababu. Shuleni sababu zilikuwepo. Mwalimu wa Kiingereza aliwapandisha juu ya madawati, suruali zimekunjwa hadi magotini, akawachapa kwa mwanzi kwenye vigimbi. Neno moja usilolijua, kiboko kimoja. Bong alinionyesha alama zake tulipokuwa tukioga kambini; zilipangana kama mistari ya daftari.

Wanafunzi wa siku zetu walikuwa na mazoea kwamba ukurasa wa kamusi ukishauhifadhi, unauchana unaula, ili usitoke tena kichwani. Wengi walijisifu tu, lakini Bong alikula kweli. Alisema karatasi ya kamusi ni nyembamba, ukiiloweka kwa mate inayeyuka kama mwani mkavu, na wino wake una uchungu kidogo. Kurasa za picha hakuzila kwa sababu zilikuwa nzito na zilimkwama kooni. Alipoitwa jeshini alikuwa amefika herufi ya M.

Kwa sababu ya Kiingereza chake alipelekwa kwenye kambi ndogo ya Waamerika iliyokuwa kaskazini mwa Uijeongbu, karakana ya malori, ambayo siku hizi imebomolewa. Tulikuwa Wakorea saba, askari wa jeshi letu tulioazimwa kwao, katika chumba kimoja. Mkubwa wetu alikuwa Sajini Pyo Gwang-ho, aliyeingia miezi miwili kabla ya Bong. Wa pili alikuwa Bong, wa tatu mimi, kisha wengine watatu, na wa mwisho kuruta aliyeletwa wakati wa baridi, Tak In-su, mtoto wa fundi cherehani wa Daejeon.

Chumba kile kilikuwa na daftari la jalada la kijani tulilokuwa tukiliita kitabu cha ukoo. Kila aliyepita pale aliandika misemo aliyoisikia kwa Waamerika, maana yake kwa Kikorea, na jina lake mwenyewe. Kulikuwa na misemo mia mbili na zaidi. Mmarekani akisema shika farasi wako, usitafute farasi, anakwambia subiri. Akisema jambo ni kipande cha keki, ni rahisi, kile sisi tunachokiita kula keki ya mchele huku umelala. Akisema fulani kaipiga ndoo teke, huyo mtu amekufa. Sisi tunasema ameweka kijiko chini. Daftari lile lilitusaidia, sikatai. Bila hilo tungetumwa spana tukaleta ndoo.

Lakini lilikuwa na sheria yake: wino wa mkubwa haufutwi. Aliyekuja nyuma aliruhusiwa kuongeza tu, hakuruhusiwa kurekebisha. Na maelezo kadhaa yalikuwa ya uongo mtupu, yameandikwa na watu waliobahatisha. Tuliyahifadhi hivyo hivyo.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Waamerika wakienda mjini, Pyo alitupeleka kwenye chumba cha boila. Kila mmoja aliulizwa misemo kumi. Mmoja akikosea, tulipanga mstari. Pyo alitupiga wote sita, viboko vitatu vitatu. Kisha alimpa Bong mpini, Bong akatupiga watano tuliobaki. Halafu mimi nikawapiga wanne. Mpini uliteremka hivyo mpaka chini, kwa hiyo Bong alipigwa vitatu tu, mimi sita, na wa mwisho kumi na nane. Ukimpiga mwenzako kwa huruma, Pyo alikusogeza pembeni, akampiga upya yeye mwenyewe, kisha akakupiga na wewe.

Jumatano moja ya Februari 1979 niliingia chooni nikamkuta Tak amejiegemeza ukutani. Sakafuni palikuwa na mkojo mwekundu. Alinishika mkono akaniomba nisiseme. Nilimwambia Bong.

Bong alimtaka aende kwa daktari wa Waamerika. Tak alikataa. Daktari angemvua shati, angeona mgongo, kesi ingeanza, na baada ya kesi angerudi kulala chumba kile kile. Basi Bong alimwendea Pyo akamwomba amruke Tak Jumamosi hiyo. Pyo alikuwa akikata kucha. Alijibu kwamba yeye amebakiza siku kumi na tisa arudi kwao, na akishaondoka, Bong anaweza kumlea kuruta wake kama yai.

Siku kumi na tisa. Sote tulimwambia Bong avumilie. Siku ya ishirini angekuwa yeye ndiye mkubwa wa chumba, na angeweza kumchoma Profesa kwenye boila mchana kweupe bila kuulizwa na mtu. Bong alisikiliza, halafu akaniuliza kama figo la mtu linaweza kungoja siku kumi na tisa. 

Ijumaa, wakati wa kufua, alimkalisha Tak akamsomesha daftari zima kama lilivyoandikwa. Walipofika msemo wa mia moja na kumi na mbili walisimama. Waamerika husema mtu yuko chini ya hali ya hewa. Daftari lilisema maana yake ni kuwa nje kwenye mvua bila koti. Tak alinong'ona kwamba afande, si hivyo, maana yake ni kuumwa. Bong akamjibu kwamba anajua, na ndiyo sababu anamwonya: kesho aseme mvua.

Kesho yake ilinyesha mvua yenye theluji. Tulisimama mstari mbele ya boila, mashati tumeyavua, moto unatuunguza mbele na mgongo unaganda. Bong alishika daftari, kwa kuwa wa pili ndiye mtunzaji. Sisi wengine tulijibu vizuri. Pyo alifika kwa Tak akaanza na wa mia moja na kumi na mbili.

Tak alikuwa akitetemeka tangu asubuhi. Nilimwona akifungua mdomo, nikajua.

"Kuumwa, afande," alisema.

 Pyo akamwambia Bong asome. Bong hakusoma. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kuruta amejibu sawa, kwamba amemuuliza fundi mkuu wa malori, Mmarekani, mara mbili, na kwamba maelezo yale yalibahatishwa.

"Yameandikwa na Afande Noh," alisema Pyo. "Noh alikwenda Vietnam hakurudi. Wewe nani umfute?"

"Simfuti. Nasema kijana kajibu sawa."

Pyo alimpiga Bong ngumi ya tumbo, akamfuata kwa goti la uso. Damu ilimtoka Bong puani ikadondokea jalada la kijani. Pyo alicheka, akageuka kwetu na kuonyesha meno yake ya mbele, mawili ya dhahabu.

"Mnayaona meno haya? Mnafikiri mimi sijui maana yake? Mimi mtoto wa Itaewon, nimekulia mlangoni kwa Waamerika, nimejua kabla yenu nyote. Nilipokuwa kuruta nilijibu kama huyu mjinga. Kuumwa, afande. Nikala kumi na nane, nikatema meno mawili hapo hapo aliposimama. Jumamosi iliyofuata nikasema mvua." Akamgeukia Bong. "Soma, bwana mkubwa. Kilichoandikwa ndicho hicho."

Bong alifungua daftari. Alichana ukurasa, taratibu, kwa kufuata mshono, akaukunja mara mbili akautia mdomoni.

Kwanza hatukuelewa. Pyo naye alibaki ameduwaa, mpini uko begani. Kisha akaona shavu la Bong linavyokwenda, akampiga kiboko cha mapaja kilichomwangusha magoti. Akamwamuru ateme. Bong alitafuna. Karatasi ya jeshi ilikuwa nzito kuliko ya kamusi. Ilimchukua muda mrefu, na muda wote huo alipigwa mgongo, mabega, mikono aliyokingia kichwa. Pyo aliingiza vidole mdomoni mwake kuutoa ukurasa, na Bong akaviuma. Pyo alipiga yowe moja, akarudi nyuma akishika mkono, halafu akanitupia mimi mpini.

"Wa tatu. Mpige mpaka autapike."

Nilimpiga. Nilihesabu, kwa kuwa kuhesabu ndiyo kazi niliyokuwa nikiijua: viboko tisa, na hakuna hata kimoja nilichokipunguza nguvu, maana Pyo alikuwa akitazama. Cha tisa kilipotua Bong alimeza. Niliona koo likipanda na kushuka. Pyo alininyang'anya mpini akampiga cha kumi kwenye nyonga, kwa mikono miwili kama anayepasua kuni, na tulisikia mfupa.

Bong hakulia. Alilala ubavu kwenye vumbi la makaa, midomo myeusi kwa wino na damu, akasema maneno ambayo ilibidi tuiname kuyasikia.

"Andiko halipo, afande. Sasa utampima kwa kitu gani?"

Pyo alitazama daftari. Alimtazama Tak, aliyekuwa amekunja ngumi mbele ya kifua kama anayeota moto. Wakati ule nilidhani atamuua. Lakini alikuwa mtu wa sheria ile kuliko yeyote kati yetu, ilimgharimu meno. Jibu lilipimwa kwa andiko, na andiko lilikuwa tumboni mwa Bong. Alisimama hivyo mpaka boila ikapiga mluzi wa mvuke, kisha akaweka mpini chini, akavaa shati lake akalifunga vifungo vyote, akatoka kwenye mvua.

Tak ndiye aliyembeba Bong mgongoni hadi kwa daktari, hatua mia tatu, na alipomlaza kitandani yeye mwenyewe akaanguka. Daktari aliwavua mashati wote wawili. Bong alisema ameteleza ngazi za boila. Tak hakuweza kusema lolote. Figo lake moja lilitolewa hospitali ya Seoul siku ya pili, na daktari alimwambia fundi mkuu kwamba kijana amebahatika, kwani kipigo kimoja zaidi kingemmaliza. Fundi mkuu alikuja chumbani akatutazama mmoja mmoja, kisha akamchukua Profesa akamkata kwa msumeno wa chuma vipande vinne. Pyo alihamishiwa ghala la mafuta kwa siku zake zilizobaki. Kesi haikufunguliwa. Bong hakutaja jina la mtu.

Nyonga yake ilifungwa vibaya. Alirudi uraiani na fimbo ya kutembelea, akaoa, akafungua duka. Tak yuko Daejeon na kila mwaka majani yakianza kuanguka humtumia boksi la matunda ya persimoni. Mimi nilikuwa nikiishi mitaa miwili kutoka dukani, na baada ya miaka sita hivi niliingia kununua kalamu. Bong alinimiminia kahawa. Hajawahi kutaja vile viboko tisa. Mimi nilivitaja mara moja, akasema kahawa inapoa.

Kijitabu chake alikichapisha mwaka 1996. Misemo ni mia tatu na arobaini. Kila mmoja una maana yake kwa Kikorea, na jina la mtu aliyemfundisha Bong maana hiyo. Pembeni ameacha nafasi pana, na ukurasa wa kwanza kaandika: Ukiona kosa, likate, uandike lililo sahihi. Wanafunzi humrudishia nakala zilizokatwakatwa, naye huzipanga rafu ya juu na kuzitumia akichapisha upya.

Kwenye msemo wa mia moja na kumi na mbili ameandika: kuumwa. Na chini yake: Aliyejua kwanza, Pyo Gwang-ho. Aliyesema, Tak In-su.

Nilipoona nilimuuliza kwa nini amemweka Pyo humo. Alikuwa akifunga madaftari kwa kamba.

"Alijua kabla yetu," alisema. "Uongo umeandikwa wa kutosha."

Miaka mitatu baadaye, siku ya mvua, Bong alikuwa nyuma ya pazia akila tambi na mimi nikamshikia duka. Aliingia mwanamume mnene mwenye koti zuri. Alichukua kijitabu, akafunua kurasa bila haraka mpaka akafika anapopataka, akasoma amesimama. Alikaa pale muda wa kutosha mtu kusoma mistari miwili mara ishirini. Kalamu za wateja zilikuwa mbele yake, ndani ya kikombe. Alipofungua mdomo kuuliza bei, nikaona dhahabu. Hakunitambua, au alijifanya. Alinunua nakala mbili akaondoka.

Nilikwenda nyuma nikamwambia Bong nani alikuwa hapa. Aliacha kutafuna.

"Alisoma?"

"Alisoma."

"Hakukata kitu?"

"Hakukata."

Bong aliitikia kwa kichwa, akausogeza mguu wake mbaya karibu na jiko, akaendelea na tambi zake.