Kichwa Alichotaka Bwana Rangi

Harufu ya rangi ya mafuta hunirudisha Kasuku, mtaa wetu mjini Kindu, kwenye chumba cha mwisho cha shule yetu, nami naogopa upya kana kwamba nina miaka tisa. Humo alifundisha kuchora Mjerumani mmoja tuliyemwita Bwana Rangi. Kwao alikuwa mchoraji mwenye shule yake mwenyewe. Vita vikaiteketeza pamoja na picha zote za ujana wake, akaja kuanza upya Kindu, kwenye koloni la Wabelgiji, akiwa na mvi na Kiswahili cha kitabuni. Vidole vyake vilikuwa vyekundu kila siku. Mtaani kulivuma habari za watumbula, watu waliosemekana kukamata wenzao ili waliwe na Wazungu, na wakubwa walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Jumamosi moja alikuja nyumbani, Baba akiwa safarini na gari la moshi. Alinitazama sana, kisha akamwambia Mama, "Kesho kutwa nataka kichwa chake tu. Mwili siuhitaji." Wachoraji husema hivyo, hilo nililijua ukubwani. Siku ile nilishika shingo yangu kwa mikono miwili nikalia. Na Mzungu enzi zile hakukataliwa. Mama akasema polepole, "Kama njo kichwa unataka, kamata ya kwangu. Mutoto, umuache." Bwana Rangi alishangaa, akakubali.

Jumatatu Mama alioga, akavaa kitenge chake cha sikukuu, akanikabidhi kwa jirani kama mtu anayekwenda kufa. Nilimtoroka jirani nikachungulia dirishani mwa chumba kile cha shule. Mama aliketi wima asubuhi nzima, macho yamemtoka, na kila brashi ilipochovywa kwenye nyekundu midomo yake ilitetemeka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mwishowe mchoraji alimgeuzia Mama picha aliyoichora: kichwa chake, bila mwili. Mama akajipapasa shingo, akatoka bila kuaga, akanikuta nje, akanishika mkono tukakimbia hadi nyumbani.

Baadaye Bwana Rangi alirudi kwao na picha ile. Leo wajukuu wangu hupigana picha hamsini kabla ya chai. Mama alifariki akiwa na picha moja tu duniani, nayo iko Ujerumani, kama bado ipo. Wanaoitazama huona mwanamke mwoga. Hakuna wa kuwaambia kwamba alikuwa amekaa mahali pangu.