Tulipoipa Kumbukumbu Mwenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini Mbarara, Uganda, mwishoni mwa miaka ya tisini, Mhandisi Mkuu alinionyesha kiti, kisha akaniambia nisiguse chochote alichoandika yeye. Nilikuwa nimetoka kambi ya Nakivale, mkimbizi wa Kivu Kusini mwenye cheti cha kompyuta cha Bukavu. Yeye alikuwa amestaafu jeshini, kikosi cha mawasiliano, nasi sote tulimwita Afande.

Tuliandika programu za kliniki kwa lugha ya C++. Enzi hizo mwandishi wa programu aliomba mwenyewe nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta, na alipomaliza aliirudisha mwenyewe. Ukisahau, mashine hujaa taratibu mpaka inasimama. Ukiirudisha mapema, habari za mtu mwingine huingia palepale, na sehemu nyingine ya programu huendelea kuzisoma kana kwamba ni zile za kwanza.

Miaka mingi baadaye lugha ile iliongezewa kanuni za umiliki: kipande cha kumbukumbu kina mwenyewe mmoja ndani ya programu, akiondoka kinarudishwa, na akitaka kukitoa anakikabidhi waziwazi. Kompaila, ile programu inayotafsiri maandishi yetu kwa mashine, humkatalia anayejaribu kukinakili. Nilimwomba Afande tuzitumie. Alisema programu yake ilikuwa imefanya kazi miaka yote bila hizo.

Kisha Sista Furaha, muuguzi Mkongo wa kliniki moja ndogo kambini, akapiga simu. Skrini ya programu yetu ilionyesha kundi la damu la mzee fulani kwenye jina la msichana aliyehitaji kuongezewa damu.

“Huyu mutoto, ni mimi nilimupima,” alisema. “Damu hii si yake. Nimekatala kumuwekea.”

Tulikwenda siku hiyohiyo. Msichana alikuwa tayari anapokea damu inayomfaa. Afande alisimama kando ya kitanda. Tulipokuwa tunarudi Mbarara, tumepita mji wa Kaberebere, aliniambia:

“Mama, hiyo kanuni yako, weka. Anza na kazi yangu mimi.”

Tulibadilisha kipande kwa kipande. Alikaa karibu nami akitazama maandishi yake yakifutwa, na mara nyingine alitoka nje kwa muda. Makosa ya aina ile yalipungua sana. Hayakwisha, maana sehemu ya programu inayosoma bila kumiliki bado inaweza kusoma kilichokwisha kurudishwa.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza kama kanuni zile zilimaliza tatizo. Nawajibu kwamba zilisaidia. Sista Furaha bado hupima damu upya kabla ya kuiamini skrini, nami sijawahi kumwomba aache.