Mche wa Avoka Nyuma ya Uwanja wa Ndege

Siku yangu ya kwanza kazini, Padri msimamizi alinipeleka mbele ya mlango wa gereza la Beni, mashariki mwa Kongo. Wanaume watatu walitoka, kila mmoja na mfuko wake wa plastiki. Hakuna ndugu aliyewangoja. Padri akanipa majembe.

"Mama Monita, usibaulize balifanya nini. Ulime nabo tu. Mutu akiwa na udongo ku mikono, atasema mwenyewe."

Kwetu monita ni mwalimu wa kilimo anayetembelea mashamba. Kazi yetu ilikuwa kuwarudisha watu waliotoka gerezani kwa njia ya bustani. Walitengeneza kitalu, yaani mahali pa kuotesha miche, wakageuza mboji, wakamwagilia. Tulilima nao bega kwa bega, macho chini, kwa sababu mtu aliyehojiwa sana hapendi kutazamwa usoni. Huko Beni, kwenye kiwanja karibu na soko la Beu, niliona njia hiyo ikifaa. Watu walianza kupata usingizi. Wengine walipokewa tena na wake zao.

Kisha waasi wakashika nchi, mimi na Padri tukahamishiwa Butembo. Shamba letu lilikuwa kwenye mteremko wa Rughenda, nyuma ya uwanja wa ndege. Halikuwa letu. Mwenye kilima, mzee wa ukoo, alitukopesha kwa desturi: tulimpa mbuzi, kila mavuno tukampelekea kikapu cha maharagwe, na kwa sharti tusipande mti. Kwetu maharagwe ni ya msimu, lakini mti unadai ardhi. Aliyeupanda akifa, watoto wake watasema, "Hapa ni kwa baba."

Huko ndiko alikoletwa Kasereka kutoka gerezani, mwanamume mzima ambaye kaka zake walimfungia lango. Kwa miezi alilima bila kusema. Siku moja mbegu ya parachichi, kwetu avoka, ikaota ndani ya mboji yake. Akaizungushia fito, akawa anaichotea maji kabla ya kitu kingine chochote. Wenzake wakamcheka, wakiuita mche mke wake.

"Kasereka, bibi yako amekunywa maji leo?"

"Amekunywa. Ya kwako alikimbia na chauffeur wa lori, ndiyo unaonea wangu wivu?"

Shamba zima lilicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake.

Nilimwambia Padri kwamba mche ule lazima utolewe. Alisimama akiutazama.

"Lakini aking'oa leo, tunamupoteza. Acha mvua irudie, tutauhamisha ku paroisse, pale kanisani."

Mwenye kilima alifika kabla ya mvua, na askari wawili wa waasi nyuma yake.

"Nani alipanda hii muti?"

"Hakuna mutu alipanda, mzee," akasema Kasereka. "Ilijiotea yenyewe."

"Na fito, nazo zilijiotea?"

Padri akaenda mbio kuleta mbuzi mwingine, mzee akamkataa.

"Mbuzi inaliwa, inaisha. Muti inabakia."

Askari mmoja aliung'oa mche kwa mkono mmoja. Wakamfunga Kasereka kamba, wakampeleka gerezani wakisema amenyang'anya ardhi ya watu. Hakimu hakuwepo. Wakati ule sheria ilikuwa ya mwenye rafiki askari. Mzee akachukua shamba pamoja na maharagwe yetu yaliyokuwa na maua.

Sasa nimestaafu. Vijana wanaojifunza kazi hii huniuliza kama kweli udongo huponya. Huponya, nimeona. Lakini tulichukua watu wasio na ardhi, tukawafundisha kupenda kinachoota, halafu tukawaacha na upendo huo kwenye kilima cha mwingine.

Kasereka alitoka baada ya vita. Nilimkuta Butembo mjini akiuza petroli kwa chupa kando ya barabara. Nikamwomba arudi kulima, kwani sasa paroisse ina kiwanja chenye hati, hakuna wa kumfukuza. Akaendelea kupangusa chupa zake.

"Hapana, mama. Hapa chini ni béton, saruji tupu. Hakuna kitu itaota, nianze kuipenda."