Ng'ombe Aliyepita Katikati ya Neno

Mpaka leo nikisikia mtu anajisifu kwamba Kiingereza ni rahisi, namwangalia tu. Rahisi kwa nani? Mimi nilikifuata Kiingereza kwa sababu ya ng'ombe mmoja, enzi hizo Mjerumani bado yuko bomani Arusha, na kilinivuruga kichwa hata nikawa nakoroga uji huku nasema peke yangu. Mume wangu akadhani nimerogwa.

Mambo yalianza hivi. Askari wa boma walikuwa wakipita huku kwetu mlimani, Meru, kuchukua ng'ombe wa watu waliokwepa kazi ya barabara, na mume wangu alikuwa amekwepa. Tulikuwa na ng'ombe mmoja tu, jike, mweusi mwenye baka jeupe shingoni. Nikawaza, ni zizi gani askari hawaliingii? La mzungu. Na mimi nilikuwa nachuma kahawa kwa mama mmoja Mwingereza, mjane, aliyekuja na mikokoteni ya Makaburu kutoka kusini akapata shamba juu ya Kikatiti.

Kwetu kumweka ng'ombe kwa mtu si jambo geni. Unampeleka jioni, umeshika nyasi mbichi mkononi kuonyesha umekuja kwa heri, unasema, nitunzie. Anayetunza anakunywa maziwa na kuchukua samadi. Ng'ombe na ndama wanabaki wako. Naye hukupa kitu kwa kuwa umemwamini, mara nyingi pombe ya ndizi. Nikafanya yote hayo. Yule mama akapokea kamba, akapokea na nyasi, akazinusa, akacheka, akaingia ndani akaniletea blanketi la sufu. Nikasema moyoni, kumbe wazungu nao wana adabu, ila pombe yao ni blanketi. Nikarudi nyumbani nimefurahi.

Miezi ikapita. Ng'ombe akazaa huko huko, ndama jike, na waliozoea kusema ng'ombe wa maskini hazai wakanyamaza. Halafu binti yangu naye akajifungua, uzazi wake wa kwanza, na maziwa yake yakawa hayatoki vizuri. Mtoto analia mpaka sauti inakauka. Kwetu mzazi hulishwa maziwa na mafuta mpaka ang'ae, na kazi hiyo ni ya mama yake. Mama yake ni mimi, na maziwa yangu yalikuwa kwenye zizi la mzungu.

Nikaenda, nikamwambia kwa Kiswahili kwamba nimekuja kumchukua ng'ombe wangu. Kiswahili chake kilikuwa cha maji, upesi na kesho. Akanijibu, kesho. Kesho yake nikaenda tena, akanijibu, kesho.

Mpishi wake alikuwa mtu wa Mombasa aliyewahi kuwapikia Waingereza kule Nairobi. Nikamwomba anisemee. Akakataa katakata: mambo ya ng'ombe yakiharibika, yeye atapika wapi? Na kweli, hata kwetu ng'ombe huitwa na mdomo ule ule uliomweka. Basi nikamwambia, nifundishe maneno yenyewe niyaseme mimi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nikainama pale jikoni kwake, nikimmenyea viazi bila hata ahsante.

Looo! Kiswahili nasema "nirudishie", neno moja, limebeba wote, mimi na wewe na kurudisha kwenyewe. Kiingereza, mpishi akasema, hakiendi hivyo. Kuna "take", yaani kuchukua, lakini peke yake haijafika popote. Ukiipa "back", unachukua kilicho chako. Ukiipa "off", unavua nguo. Ukiipa "away", unaondoa vyombo mezani. Nikamwuliza, sasa nikikosea hicho kijineno cha nyuma si nitakuwa nimeenda kumvua ng'ombe nguo? Akacheka hadi akashika meza. Mimi sikucheka. Mjukuu wangu alikuwa analia nyumbani.

Tena haikuishia hapo. Siku iliyofuata akaniambia ng'ombe anaweza kukaa mwisho, "take back my cow", au akaingia katikati, "take my cow back". Nikamwambia, ndugu yangu, jana umenifundisha kwamba maneno haya ni mke na mume, leo ng'ombe anapitaje katikati yao? Akasema hata wakitengana hawajaachana. Mbele ya "take" kuna "to", ni kama hii "ku" yetu ya kuchukua, ila yetu imeshonwa kwenye neno na yao inaning'inia. Halafu kuna neno la upole, "kindly", ambalo mimi sikuwahi kujua kwao ni wapi. Nililiweka mbele, mpishi akasema sawa. Nikaliweka nyuma, akasema hata hapo linafaa. Nikalipachika baina ya "to" na "take", mahali penye nafasi kabisa, akashika kichwa: bwana wake wa Nairobi akisikia hivyo alikuwa anakunja uso siku nzima. Kwa nini? Hajui. Yaani mtu anaacha mlango wazi halafu anakasirika ukipita. Nilirudi nyumbani siku hiyo kichwa kinaniuma, nikamgombeza mume wangu bure.

Nikaenda. Blanketi nimelikunja kwapani, maana pombe hairudishwi, lakini blanketi lilikuwepo, nisije nikalaumiwa. Nikasimama mbele ya baraza na kusema, "I have come to take back my cow, kindly." Jasho linanitoka. Mpishi dirishani akaniashiria kwamba kila neno limekaa. Na yule mama alinielewa, niliona alivyonielewa, maana uso ulimwiva. Akasema kwa Kiswahili, "Ulinipa."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kweli kweli. Nilimpa? Ng'ombe mzima, kwa blanketi? Nani duniani anampa mtu ng'ombe wake wa pekee, tena na nyasi mkononi, halafu anaondoka anatabasamu? Naye alikuwa ananiangalia vile vile, kama anauliza ni nani duniani anapokea blanketi halafu anarudi kumdai ng'ombe. Kiingereza changu chote kilikuwa kimeishia kwenye maneno yale. Nikaketi mlangoni pa zizi, nikasema siondoki. Nilikuwa na hasira na nilikuwa naogopa, vyote pamoja.

Mpishi akashindwa kuvumilia. Akatoka na aproni yake, akamweleza yule mama kwa kirefu: nyasi, maziwa, samadi, ndama. Kisha akanigeukia, akasema, mama anauliza kwa nini unamtaka leo. Sikumngoja mpishi. Nikapakata mikono mitupu kama mtu aliyebeba mtoto, nikagusa ziwa langu, nikatikisa kichwa. Yule mama akafungua zizi mwenyewe, akamtoa ng'ombe na ndama wake, na blanketi akalisukuma kifuani pangu. Njia nzima nilikuwa najiuliza kama ameielewa desturi yetu au amenihurumia tu, na ilinikera kutojua. Lakini jioni ile binti yangu alikunywa maziwa, na baadaye mtoto akashiba akalala ndani ya lile blanketi.

Vita vikaja. Wajerumani wakaanza kuwakusanya Waingereza na kuwapeleka mbali, kuwekwa kizuizini. Jioni moja nilikuwa napunguza majani ya migomba, nikamwona yule mama anapanda kwetu kwa miguu, peke yake, anavuta mitamba wawili kwa kamba. Mkono wa pili ulikuwa umeshika nyasi mbichi.

Akafika, akavuta pumzi. Nikajua sasa anaanza, vijineno vyake vile vya nyuma, nami sitaelewa hata kimoja.

"Nitunzie," akasema.

Nikapokea kamba, nikapokea nyasi. Pombe ya ndizi ilikuwa haijaiva, na mikono mitupu ni aibu. Nikaingia ndani, nikamfunua mjukuu wangu, nikamletea lile blanketi. Akalikumbatia, akashuka nalo bila kugeuka nyuma.

Hakurudi. Mjerumani akaondoka, Mwingereza akaja, na kila mzungu aliyepita njia hii nilimwuliza habari zake kwa Kiingereza changu kibovu, hakuna aliyemjua. Wale mitamba walizaa, watoto wao wakazaa, zizi likajaa. Watu wananiambia, bibi, uza, mwenyewe alikufa zamani. Nawajibu sijui kama alikufa, na kweli sijui. Maziwa nakunywa, samadi natia migombani. Wanangu nimeshawaambia, siku nikifa wasije wakagawana. Ng'ombe wale ni wa watu.