Kaseti Iliyoandikwa "Futa"

Baba yangu walimwita Cherehani, na jina likamkaa. Vidole vyake vilipita juu ya nyuzi za gitaa kwa kasi ileile, sauti moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja. Alipiga solo kwenye bendi ya hoteli miaka thelathini na moja. Wapiga gitaa chipukizi walikuwa wakikaa meza ya mbele kuukodolea macho mkono wake wa kushoto, wanatoka wamenywea. Lakini watu haohao wakioa, au wakifiwa, walikwenda kumwita Chozi, mpigaji wa bendi ya pili, ambaye nusu ya siku zake gitaa lilikuwa halijakazwa sawasawa. Baba alilijua hilo, na lilimkera mpaka akazeeka nalo.

Mama ndiye pekee aliyethubutu kumtania. "Cherehani inashona kweli," alikuwa akisema huku akipanga vyombo, "mbona nguo siioni?" Baba alicheka shingo upande, akarudi chumbani kwake kufanya mazoezi.

Chumba hicho kilikuwa na kiti kimoja, kinasa sauti cha kaseti, na kidude cha kupiga tiki, tiki, ili mwendo usimponyoke. Kila siku ya Mungu alijirekodi, akasikiliza, akatafuta makosa kama mtu anayechambua mchele. Wakati wa kurekodi alifunga kitambaa chekundu kwenye kitasa cha mlango, na nyumba nzima ikanyamaza. Tulitembea peku. Tuliongea kwa mikono. Mimi nilijua kuomba chumvi kwa vidole kabla sijajua kusoma. Mtu akipiga chafya tu, kazi yote imeharibika. Baba aliandika "Kosa. Futa." kwenye jalada, akampa Mama, na Mama akaifuta ile kaseti akairudisha ikiwa tupu.

Mama alifariki mwaka jana, ghafla, akiwa anaanika nguo. Mwezi wa tatu baada ya mazishi, Baba alinipigia simu kazini.

"Kitindamimba, njoo nyumbani."

"Kuna nini, Baba? Unaumwa?"

"Siumwi. Sauti ya mama yako inanitoka. Leo asubuhi nimejaribu kukumbuka alivyokuwa akiniita, nikakuta naisikia sauti yangu mwenyewe."

Niliomba ruhusa nikaenda. Nilimkuta kakaa sakafuni katikati ya maboksi ya kaseti, mia nne na ushee. Video hatukuwa nazo, na simu ya Mama ilikuwa ile ya kitochi, ya kupiga na kupokea basi. Kama sauti yake ilibaki mahali popote duniani, ni humo.

Tukaanza kusikiliza. Gitaa, gitaa, gitaa. Safi, hakuna doa. Siku ya pili uvumilivu ukaniisha, na mimi nikikasirika mdomo wangu hauna breki.

"Baba, umemfuta!" nilisema. "Mwanamke kaishi humu miaka arobaini, hata kikohozi chake hakimo?"

Nilijuta hata sijafunga mdomo. Baba alichukua kaseti nyingine, akaipuliza vumbi, akaiweka.

Siku ya tatu nilikwenda kwenye kabati la Mama kutafuta shuka la kujifunika. Chini kabisa, nyuma ya mashuka ya wageni, nikagusa kitu kigumu kilichofungwa kwenye leso. Ilikuwa kaseti. Kwenye jalada palikuwa na tarehe, na maneno yale yale kwa mwandiko wa Baba: "Kosa. Futa." Mama hakuifuta. Nikarudi nayo karibu nikikimbia.

Tukaiweka. Ulikuwa ule wimbo wake wa kasi kuliko zote, ule uliokuwa ukiwafanya wateja wa hoteli wasahau kutafuna. Baba alifuata mapigo kwa kidole gotini. Dakika ya pili hivi, gitaa likapunguza mwendo. Halikukwama. Lilipungua tu, kama mtu aliyeona kitu njiani akawa hataki kukipita. Sauti moja akaivuta mpaka nikadhani itakatika, kisha nyingine, laini zaidi, kisha taratibu mwendo ukarudi. Nimemsikiliza baba yangu maisha yangu yote, na hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyotamani arudie.

Tulingoja sauti ya Mama. Kaseti ikaisha bila hata mlio wa mlango.

"Nimechelewa pale," Baba alisema kwa uchungu. "Mapigo manne mazima! Sasa huu uchafu alikuwa anauficha wa nini?"

Nilimsomea tarehe. Ilikuwa miezi saba kabla sijazaliwa.

Akaninyang'anya jalada, akalisogeza karibu na macho.

"Mama yako aliingia," alisema. "Kitambaa kipo mlangoni, na yeye akaingia. Hajawahi kufanya hivyo. Nikamtolea macho. Alikuwa ndiyo katoka hospitali. Hakusema neno, sheria anaijua. Akaweka mkono tumboni, hivi. Akainua kidole kimoja."

Kaka yangu wakati huo alikuwa na miaka kumi, na daktari alishawaambia wasitegemee mwingine.

"Na wewe hukuacha kupiga?"

"Niache vipi, na mashine inarekodi? Alisimama pale analia huku anacheka, nikawa nampigia yeye. Ile tiki tiki sikuisikia tena. Jioni nikasikiliza, nikaandika kosa." Alilitazama tena lile jalada. "Nilikuwa na furaha ya kutia wazimu, mwanangu, na bado nikaandika kosa."

"Kwa hiyo kosa lenyewe ni mimi?"

Alicheka. Tangu tumzike Mama sikuwa nimemsikia akicheka. Kicheko kikageuka kilio, nikamshika mabega, na mimi nikalia, tena kwa sauti, bila kumwogopa mtu.

"Sauti yake haimo, Baba," nilimwambia tulipotulia. "Pole."

"Haimo," alikubali. Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Hebu rudisha nyuma kidogo. Pale kabla hajafungua mlango."

Nikarudisha. Gitaa lilipoanza kupunguza mwendo, Baba aligeuza kichwa, akautazama mlango.