Mwonjaji Aliyekwenda Kuonja Ofisi

Fyuuup! Ndivyo Mengesha alivyovuta kahawa kutoka kwenye kijiko, mvuto mmoja mkali kama kitambaa kipya kinachochanwa dukani. Kwa miaka kumi na miwili Tsigereda aliusikia. Baada ya mvuto ulikuja ukimya, kisha bosi huyo alikohoa, akataja alama ya kahawa hiyo, kati ya mia. Hapo waonjaji tisa walioizunguka meza waliinamisha vichwa na kuandika alama hiyohiyo. Kahawa ingeweza kuwa na ladha ya soksi. Bosi akisema themanini na sita, soksi ilikuwa themanini na sita.

Siku moja Tsigereda aliandika sabini. Mengesha aliitazama karatasi yake kama mtu aliyekuta unywele kwenye mchuzi.

"Ulimi wako hauna adabu," alimwambia, na Jumatatu iliyofuata Tsigereda hakuwa na kazi.

Mtaani kwetu Gulele tulimjua kama mwanamke mpole anayenusa kila kitu. Sokoni alinusa pilipili ya kusaga mpaka wauzaji wakamwuliza kama amekuja kununua au kupiga chafya. Alikuwa na miaka arobaini na minane, na kazi nyingine hakuijua. Msimu wa kahawa ulikuwa unaisha, na Addis Ababa nzima ilibaki kampuni moja tu inayotafuta mwonjaji. Mengesha naye alikuwa ametuma salamu: anaweza kurudi, ila kwanza aombe radhi mbele ya meza nzima.

"Leo kwenye usaili wakikuuliza kama una swali, sema huna," dada yake Zenebech alimwonya akimwekea sawa mtandio mweupe begani. "Kwenye kampuni ya kwanza ulimwuliza meneja mara ya mwisho alikosolewa lini. Nani huuliza hivyo, wewe?"

"Alisema hajawahi."

"Na kwenye ya pili?"

"Mlinzi alinong'ona, dada. Nilimwuliza choo kiko wapi, akaninong'oneza. Mahali ambapo hata mlinzi ananong'ona, huko ndani kuna nini?"

"Kuna mshahara!"

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Saa tatu asubuhi Tsigereda alifika kwenye geti la kampuni ile ya mwisho, na mlinzi wake akapaza sauti mpaka njiwa wakaruka kutoka kwenye bati. "Mama wa usaili! Pita, pita, wanakungoja!" Tsigereda akampa alama nzuri, kimoyomoyo.

Meneja aliitwa Tibebu, mtu mnene ambaye tai yake iliishia juu ya tumbo kama imekata tamaa. Alimvutia kiti, akasema, "Hapa kwetu, dada, sisi sote ni familia moja."

Tsigereda alivunjika moyo. Mengesha alipenda sana kusema hivyo.

"Familia ya namna gani?" lilimtoka. "Maana kwetu, dada yangu na kaka yetu hawajasemeshana tangu Pasaka."

Akajiuma mdomo. Tibebu alitazama dari, akafikiri kweli.

"Ya namna hiyo hiyo," akasema. "Ila sisi tunasemeshana mno."

Akampeleka chumba cha kuonjea. Waonjaji wanne walikuwa wameketi, na Tsigereda alipoingia wote waliinuka kidogo kwenye viti, kama ilivyo ada mgeni akiingia. "Kaeni, kwa jina la Mungu," aliwaambia, wakakaa. Tibebu alipoingia nyuma yake, hakuna aliyeinuka. Hapo Tsigereda alichanganyikiwa. Wanamdharau, au wamemzoea tu? Aliigeuza dalili hiyo kichwani huku na huku, asijue aiweke upande gani.

Mezani kulikuwa na vikombe vitano. Usaili wenyewe ulikuwa huo: vuta, tema, andika, usiseme. Kikombe cha kwanza na cha pili vilipita salama. Kwenye cha tatu wote walikuwa na penseli mkononi Tibebu alipopaza sauti:

"Themanini na nane! Asali tupu!"

"Bosi!" Aliyesema ni Gutema, mwonjaji mwenye mvi kuliko wote. "Penseli kwanza, mdomo baadaye. Tumesema mara ngapi?"

"Samahani, samahani."

"Halafu asali gani? Hicho kimechacha. Hebu sogea hapa." Gutema akanusa hewa mbele ya kidevu cha meneja wake. "Umekula kitunguu saumu."

"Sijala."

"Umekula shiro, mchuzi wa dengu. Asubuhi yote hii, tena Ijumaa ya mfungo!"

"Nilionja chumvi tu! Mke wangu ndiye aliyeniomba."

"Uliionja mpaka sufuria ikabaki na nini?"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Tsigereda hakucheka. Alimwangalia Tibebu, maana watu wa Mengesha pia walijua kucheka, tena kwa pamoja. Tibebu aliguna, akapiga mstari karatasi yake yote, kutoka juu mpaka chini.

"Nitoeni leo," akasema. "Gutema, endesha wewe." Akaenda kukaa dirishani na glasi ya maji kama mgonjwa.

Ni hapa, Tsigereda alijiambia. Mungu wangu, ni hapa.

"Haya, dada mgeni," Gutema akamgeukia. "Hiki cha tatu umekipa ngapi?"

Tsigereda aliiangalia karatasi yake. Pale, kwa mwandiko wake safi, ilisomeka themanini na nane.

Alikuwa ameuonja uchachu ule tangu funda la kwanza, hata sasa ulikuwa unamwasha nyuma ya ulimi. Wala hakukumbuka kuandika. Sauti ya bosi ilikuwa imesikika, penseli ikaenda yenyewe. Wiki nzima alikuwa amewapima walinzi na mameneja wa watu. Akafunika karatasi kwa kiganja, na uso ukamwaka moto. Ilikuwa rahisi kufuta. Ilikuwa rahisi pia kusema hajamaliza. Gutema alingoja. Dirishani, Tibebu aliishusha glasi yake.

Tsigereda akaondoa kiganja. Gutema aliisoma ile namba, akamtazama usoni.

"Hiyo imeandikwa na mkono," Tsigereda alisema, kwa sauti ndogo hata mzee akalazimika kuinama amsikie. "Ulimi unasema sitini."